Nililivunja Goti la Wanjala kwa Mdomo Wangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumchagua kipa kwa sababu ya glavu. Alikuwa amehamia timu ya shamba letu la chai, na siku ya kwanza alishuka uwanjani na glavu za kweli, nyeupe, wakati makipa wengine wote wa ligi ya mashamba walikuwa wakidaka kwa mikono mitupu. Nikasema, huyu ni mtaalamu! Alifungwa mpaka na beki wake mwenyewe. Baadaye nikasikia kwamba glavu alipewa na shemeji yake, na kwamba yeye ni seremala.

Hilo nimejisamehe. Lakini kuna kosa lingine ambalo bado linanifanya nifunike uso kwa blanketi nikilikumbuka. Jina langu usiniulize. Kambini kwetu wakisoma haya watanijua tu, na wataanza kucheka upya.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Dada yangu anapika nyumbani kwa meneja, na alikuwa akituletea magazeti makuukuu ya Ulaya ya kutandika kwenye rafu za vyombo. Katika gazeti moja niliona kwamba watu huko wanachagua wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali, wanajitengenezea timu ya karatasi, halafu kila mchezaji akifunga au akifanya vizuri, aliyemchagua anapata pointi. Kizungu kilikuwa kigumu. Nilikisoma na kamusi, sentensi moja moja, mpaka nikaelewa. Hakuna aliyenifundisha.

Nikawaletea wenzangu mchezo huo, ila wachezaji tukawachukua kutoka mashamba yetu wenyewe. Tukauita Timu ya Mfukoni. Tulikutana Jumapili baada ya kanisa katika hoteli ya Mama Cherono, ambaye aliandika pointi kwa chaki ukutani na hakuna aliyethubutu kumbishia. Kanuni moja ilikuwa muhimu kuliko zote: mchezaji mmoja hawezi kuwa wa watu wawili. Ukimkosa, umemkosa.

Zawadi? Kiti. Hoteli ile ina mabenchi tu, lakini kuna kiti kimoja chenye mgongo, kando ya redio. Mshindi anakikalia mpaka ligi nyingine. Wa mwisho anavaa aproni ya plastiki ya kuchumia chai na kumchotea Mama Cherono maji, watu wote wakimwangalia. Mimi nilikitaka kile kiti mpaka nikawa nakiota.

Na nilijua njia ya kukipata: wachezaji wapya. Wenzangu walimwangalia mgeni viatu na urefu. Mimi nilijifunza mengine. Anayetoka kwenye joto hukosa pumzi kwenye vilima vyetu wiki za mwanzo, kwa hiyo usimchukue mapema. Anayepewa zamu ya usiku kiwandani hucheza akisinzia. Aliyeacha familia mbali huenda nyumbani mwisho wa mwezi, na Jumamosi hiyo huna mchezaji. Nilikuwa makini hivyo! Nikikosea mmoja, silali.

Basi akaja Wanjala.

Alitoka upande wa miwa, mshambuliaji. Huku kwetu mchezaji hasajiliwi kwa fedha, husajiliwa kwa kazi. Wanjala alipewa kazi ya kutia kuni kwenye tanuri la kiwanda, kwa majaribio. Kocha Rotich, ambaye ndiye nyapara wa chumba cha kukaushia majani, alimwambia wazi: ukionyesha mchezo mpaka ligi iishe, utaandikwa kabisa na utapewa nyumba ya wenye familia. Usipoonyesha, utarudi kwenu. Mkewe alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, akingoja neno tu.

Alipewa chumba kilichopakana na changu. Asubuhi nilimwona akipanda mlima wa kiwandani mbio, kabla ya kazi, na akifika juu hahemi. Jioni alikuwa peke yake uwanja wa chini, akipiga mpira ukutani, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Miguu yote miwili!

Shida ilikuwa moja. Tulipovuta vijiti vya kuamua nani aanze kuongeza mchezaji mpya, rafiki yangu Chelule alipata nafasi ya kwanza. Mimi ya mwisho. Chelule si mjinga. Angemchukua Wanjala, na kiti kingekwenda naye.

Ndipo shetani, au labda ni mimi tu, akanipeleka kwenye foleni ya mizani.

Kama hujafanya kazi ya chai, hujui foleni ya mizani. Mchana wachumaji wote wanapanga vikapu kungoja majani yapimwe, hawana la kufanya ila kuongea. Ukitaka neno lifike kambi zote kabla ya jua kutua, liseme pale, tena liseme kwa sauti ya chini.

"Maskini Wanjala," nikasema, nikijifanya napanga majani yangu. "Goti lile."

"Goti gani?" mama aliyekuwa mbele yangu akageuka.

"Aa, wacha. Sitaki kumharibia mtu. Ni vile tu namsikia ukutani usiku akilikanda na maji moto."

Uongo mtupu! Nilichosikia ukutani ni kukoroma.

Jioni nikiwa hotelini, goti lilikuwa limekua. "Ati yule mgeni ana chuma mguuni," mtu akasema. Kesho yake kuna aliyeapa kwamba mguu mzima ni wa mti na ndiyo maana havai kaptura. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Jumapili Chelule akasimama mbele ya ukuta, akakuna kichwa, akamchagua beki fulani. Zamu ikanifikia. Nikapumua kwa huzuni.

"Mimi nitamchukua Wanjala. Kwa huruma tu."

"Weri, unapenda vilema!" Chelule akapiga meza kwa kicheko, akiniita kijana kwa lugha ya kwao. "Mama Cherono, mwandikie na mkongojo!"

Nikamfanya kapteni, yaani pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Usiku huo nilijiona nimeegemea kile kiti, miguu mbele, redio sikioni.

Jumamosi timu ikaingia uwanjani. Wanjala akakaa benchi.

Nikadhani ni mbinu. Jumamosi iliyofuata, benchi tena! Nikamfuata mmoja wa mabeki, akaninong'oneza kwamba kocha amesikia habari za goti. Hapo ndipo nikakumbuka jambo ambalo mtu makini kama mimi asingelisahau: Kocha Rotich aliwahi kuleta beki aliyeficha mguu mbovu, na meneja akamfokea mbele ya wafanyakazi wake. Tangu hapo anaogopa goti kuliko anavyoogopa mvua ya mawe. Na ukimwuliza mchezaji kama ni mzima, atasema nini? Wote husema ni wazima.

Mtu mwenye akili angeenda kusema ukweli. Mimi nilirudi kwenye foleni ya mizani!

"Mmesikia?" nikasema. "Wanjala amepona kabisa. Kuna mama mganga wa kule Ndanai amempa dawa."

Kufikia jioni mlango wa Wanjala ulikuwa na foleni yake. Mzee mwenye mgongo, msichana mwenye jino, mlinzi mwenye kikohozi, wote wanataka kuelekezwa kwa mama wa Ndanai. Wanjala amesimama mlangoni, taulo shingoni, haelewi kitu. Na Kocha Rotich, ambaye ni mzee wa kanisa, akatangaza mazoezini: "Timu yangu haichezi na dawa. Anayetaka waganga aende akacheze nao."

Jioni hiyo Wanjala akabisha kwangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniua.

"Jirani," akasema, "watu wanasema wewe ndiye unajua wachezaji kuliko mtu yeyote hapa. Hebu niambie. Mimi nimekosea wapi?"

Nikajifanya natafuta kiberiti cha kuwashia taa.

"Imebaki mechi moja. Nisipocheza, narudi. Na mama watoto nilishamwandikia aje, Jumamosi atakuwa hapa. Nitamwambia nini? Kwamba nimefukuzwa na goti ambalo haliniumi?"

Akainama, akaligusa goti lake, akalibonyeza kama mtu anayekagua parachichi. Alikuwa ameanza kulishuku mwenyewe! Nikasema nitaulizauliza. Akanishukuru. Akanishukuru, jamani!

Sikula. Nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia kocha, nikayapanga vizuri, nikayapangua, nikaona sentensi ya pili haifai, nikaanza upya. Ukamilifu wangu wote ulikuwa unanisaidia kuchelewa. Mpaka Jumamosi ikafika, watu wamejaa kando ya uwanja, mvua ya mchana inaanza kudondoka, mwanamke mgeni mwenye mtoto mgongoni amesimama karibu na goli akimtafuta mumewe kwa macho. Mumewe alikuwa benchi, na koti.

Nikakimbia nikaingia uwanjani. Maneno yote niliyoyapanga yakapotea.

"Kocha, goti ni langu!"

"Goti gani lako?"

"La Wanjala. Mimi nililisema. Hana chuma, hana dawa, hana chochote. Nilitaka Chelule asimchague."

Nikasikia sauti ya Chelule kutoka kwa watazamaji: "Ngai! Huyu mtu!"

Kocha Rotich akanisogelea. Nilingoja kofi. Badala yake akamwita Wanjala.

"Vua koti. Unasema goti ni zima?"

"Ni zima, kocha."

"Basi mbebe huyu. Zunguka uwanja mzima, mbio. Aliyelivunja kwa mdomo ndiye atakayelipima."

Nikapanda mgongoni mwa Wanjala mbele ya kambi zote. Unajua aibu? Huijui! Alikimbia kwenye matope, mimi nikirukaruka kama gunia la viazi, watu wakipiga miluzi, watoto wakitufuata. Mama Cherono alikuwa ameketi chini akilia kwa kicheko. Tulipopita mbele ya mkewe, nikamsikia akiuliza, "Na huyo anayebebwa ni mgonjwa?"

Tukafika kona ya mwisho. Hapo Wanjala akageuza kichwa kidogo.

"Jirani, siku nyingine ukinitaka timuni mwako, niambie tu."

Alimaliza mzunguko, akanimwaga kwenye matope, akaingia uwanjani. Alifunga mawili, moja kwa kila mguu. Ameandikwa kazi, na yuko katika nyumba ya wenye familia, karibu na bomba la maji.

Mimi? Mama Cherono alimfuta Wanjala kwenye timu yangu kwa kiganja kilicholowa, akampa Chelule pointi zote. Nikamaliza wa mwisho. Nilichota maji nikiwa na aproni, na Chelule alikuwa kwenye kiti, ameegemea, akiniuliza kama goti linaniruhusu kubeba ndoo. Kambini sasa naitwa Mzigo. Hata mtoto wa Wanjala, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusema, ananiita hivyo. Na kwa muda mrefu hakuna aliyeniamini nikisema fulani anacheza vizuri, hata niliposema kweli. Hilo liliniuma kuliko aproni.

Ndugu yangu unayecheza michezo hii ya kuchagua watu, nakuomba: yule uliyemwandika kwa pointi ana chumba, ana mke njiani, ana kazi inayoning'inia. Usimpunguze bei kwa mdomo ili umpate wewe.

Siku hizi mchezaji mgeni akija, sisemi neno juu yake mpaka nimwone akicheza. Na nikimtaka, nangoja zamu yangu.