Mlima wa Alphonse huko Lubunga

Alphonse Mushagalusa alikuwa mtu mwema, lakini kwa mambo ya milima alikuwa mjinga kabisa. Mimi Micheline, mpiga chapa wa ofisi yetu ya ramani Kisangani, nilimwambia hivyo usoni mara nyingi. Alizaliwa Walungu, kule Kivu, ambako hata mbuzi hulala ameegemea. Kisangani ni tambarare tupu. Alioa huku, akala pondu na makayabu kama sisi, ila akikutana na kichuguu njiani alipunguza mwendo na kukitazama kwa hamu.

Mwaka ule wa 1988 kazi yake ilikuwa kukagua vimo vya nchi. Setilaiti ya Wazungu ilikuwa imepiga picha mbili za mahali pamoja, kila moja kwa pembe yake. Ukiziweka chini ya kile chombo cha lenzi mbili, kila jicho na picha yake, nchi inainuka mbele yako. Mashine za Ulaya zilikwisha kukokotoa kila mahali pana kimo gani, na Alphonse alitakiwa kulinganisha hesabu hizo na alama za zege walizoacha wapima ardhi wa zamani. Alama zote alizozifuata zilikuwa penye njia: gare ya treni, misheni, uwanja wa ndege. Nani aingie porini na viatu vya ofisi? Zote zikakubaliana, naye akatangaza kwamba ramani ile haina kosa.

Halafu baba yake akaja. Mzee Bisimwa alikuwa mjane, na Alphonse alimsihi siku nyingi ahamie kwake, asizeeke peke yake kule juu. Mzee akashuka ndegeni na fimbo yake ya kupandia, akatazama kushoto, akatazama kulia, akanuna.

"Alphonse, huku batu banaishi namna gani? Kwetu mugeni akikuya, namuona kule chini kabisa. Nakuwa na wakati ya kuficha kasiksi. Huku mutu anatokea tu kwa mulango!"

Kasiksi, pombe yao ya ndizi, alikuja nayo dumu zima. Na kweli, sisi majirani tulitokea tu mlangoni. Kufika jioni dumu lilikuwa nusu, na mzee akasema atarudi na ndege ijayo. Hakai mahali pasipo mlima.

Alphonse akaja kazini na macho mekundu. Aliinamia picha zake asubuhi nzima, mara akapiga ukelele nikaharibu ukurasa mzima.

"Micheline! Mulima! Iko Lubunga, ngambo ya fleuve!"

Nikaweka macho yangu pale. Kweli, nundu pana ilisimama nyuma ya mashamba.

"Mais, tonton yangu, ndugu ya mama, analimaka kule. Hajasemaka juu ya mulima hata siku moja."

"Tonton yako iko setilaiti?"

Jumapili baada ya misa tukavuka mto kwa mtumbwi: mzee, fimbo, dumu, Alphonse ndani ya abakosti, ile suti yake ya sherehe, na mimi, maana jambo lile nisingelikosa hata kwa homa. Tukapita mashamba ya mihogo, tukaingia msituni.

"Tunapanda sasa?" mzee akauliza.

"Bado kidogo, papa."

Miguu yangu ilijua kwamba hatupandi kitu. Mwishowe Alphonse akasimama, akageuza ramani juu chini, akainua uso. Miti mikubwa ajabu ilikuwa imebanana pale, majani yamefunika mbingu. Basi ndio mlima wenyewe. Setilaiti haikuona udongo, iliona majani, na mashine ikahesabu vilele vya miti kuwa ardhi. Alphonse hakuwa amekagua alama hata moja huku msituni, kwa ajili ya viatu.

Nilitaka kumcheka, lakini alikuwa analia, na abakosti yake yote ile. Nikageuka, nikajifanya nahesabu miti.

Mzee akaona kichuguu kikubwa, akakipanda kwa fimbo, akaketi juu, akafungua dumu.

"Mulima yako njo hii?"

"Papa, unisamehe."

Kabla mzee hajajibu, mwanamke mwenye kikapu cha mihogo akachomoza nyuma ya mti. Alikuwa mama Germaine, mwenye shamba la karibu.

"Mbote, papa! Ndani ya bidon iko nini?"

Mzee alishtuka nusura aporomoke. Kisha akacheka mpaka kofia ikamtoka, akammiminia. Mama akanywa, akasifu, akaenda zake. Mzee akamtazama mwanawe.

"Kule kwetu naona njia yote mpaka chini. Tangu mama yako alikufa, nakaa pale, naangalia. Hakuna mutu anapanda." Akafunga dumu. "Bon. Ndege iende tu."

Jumatatu Alphonse alifuta mlima, akaandika "miti", kisha akaomba mabuti ya kwenda kukagua mahali pasipo njia. Jioni sisi majirani tukatokea mlangoni kwa mzee bila kubisha. Tulikuta viti vimekwisha pangwa.