Shubiri ya Jirani

Jirani wa Verlene, mfugaji mwenzake huko Oklahoma, hupima kila kitu kwa shubiri. Kila siku ya mnada wa ng'ombe hupanda nyuma ya pikapu yake fupi inayong'aa, akatandaza kiganja kati ya kioo cha nyuma na pua ya trela ya ng'ombe, ambayo hufungwa humo humo ndani ya pikapu, akatema ugoro, akasema, "Nafasi ipo tele." Akikata kona ya lango la mnada, pua inaingia kiooni. Siku hizi kioo chenyewe ni nailoni na gundi, na watu huwahi langoni makusudi waone.

Wiki hii kanunua kile chuma kilichopinda cha kuisogeza pua ya trela mbali na kioo, ambacho mwaka mzima alikiita mkongojo wa wasiojua kuendesha. Kakifunga mwenyewe.

"Jirani, mbona umekigeuza?" Verlene akashangaa. "Hicho kinaivuta trela ije kwako!"

"Mama, mambo ya vyuma tuachie wenyewe." Akatandaza kiganja. Hakikuenea, akakunja kidole gumba. "Nafasi ipo."

Kwenye kona, pua ya trela ikapasua nailoni na kumvua kofia. Akashuka kichwa wazi, akawakodolea macho waliojaa langoni.

"Si niliwaambia? Hiki chuma hakisaidii kitu!"