Uso wa Saa Uliogeuka Kahawia

Fundi huyu watu wanamwita Lenzi. Jina lake halisi sijawahi kulisikia. Jicho lake la kulia lina alama ya duara, kwa sababu ya ile lenzi anayoibana hapo toka anafungua duka mpaka anafunga.

Alianza kwa kufagia. Duka lilikuwa la mzee mmoja ambaye macho yalishaanza kumpungua. Kila skrubu ikimdondoka, anamwita mfagiaji aitafute. Miaka kumi na mmoja binti wa watu yuko chini ya meza, anatafuta skrubu ndogo kama punje ya mchanga. Mwisho akawa akiiona tu anajua imetoka kwenye saa ipi. Mzee akamwambia, basi kaa wewe kwenye kiti, mimi nifagie. Watu walidhani utani. Mzee alifagia kweli, mpaka siku alipoacha kuja.

Haya aliniambia mwenyewe, siku niliyompelekea saa ya mke wangu.

Saa hiyo ilikuwa ya baba mkwe. Alipofariki ilikwenda kwa binti yake, ambaye ni mke wangu, naye akaivaa miaka thelathini na minane. Alipougua mkono ukakonda, saa ikawa inamteleza. Akasema niiweke dirishani aione akiwa amelala. Nikaiweka. Kila asubuhi natia ufunguo. Alisema pia kwamba baadaye apewe mjukuu wetu mkubwa, na mpaka hapo niitunze mimi.

Alipoondoka sikuigusa. Ikasimama yenyewe. Ikakaa pale dirishani miezi sita, jua la mchana linaipiga.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaja kuiulizia. Akaishika, akaisogeza mwangani. Uso wa saa hiyo enzi za baba yao ulikuwa mweusi tii, na sasa ulikuwa na rangi ya chai kavu.

"Shemeji," akasema, "yaani umeianika saa ya baba kama mahindi?"

Huyu kwa utani hajambo, ametutania toka siku ya harusi. Safari hii hakucheka. Alisema saa ya zamani thamani yake ni uso, na uso ukiungua saa imekwisha, mtoto atapewa kopo. Akasema atarudi Jumamosi.

Sikubisha. Hata mimi niliikumbuka nyeusi. Nilikuwa nimeachiwa kitu kimoja nikitunze, nikakiunguza.

Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Lenzi. Nikamwambia fundi, nipakie rangi nyeusi, nataka kabla ya kesho.

Alizima feni. Akaniambia nikae na mikono niikalie, maana wateja wengi wanapenda kuonyesha kwa kidole na kidole kinaangusha vitu. Nikaikalia. Akafungua saa juu ya kitambaa cheupe, akaikagua muda mrefu. Kisha akaniuliza imeharibika kwa maneno ya nani.

Nikamwambia shemeji.

"Shemeji ni fundi?"

"Ni dereva wa lori."

"Basi mimi siku nikipanda lori nitamfundisha gia."

Akanieleza taratibu. Kuna nyuso zinazougua na nyuso zinazozeeka. Inayougua imeingia maji: utaona madoa, rangi imevimba, kutu inasukuma kutoka chini. Hiyo thamani inashuka kweli. Inayozeeka inabadilika yote sawasawa, maandishi yamebaki yalivyochorwa, na zile nukta za kung'aa zimepauka pamoja na mishale. Hiyo wanaojua saa hawaikatai. Wengine ndiyo wanayoizungukia mji mzima. Akatoa droo, akanionyesha saa iliyopakwa upya. Herufi zilikuwa nene, zimelaliana. Ilikuwa kama bibi harusi aliyepakwa poda na mtu mwenye haraka. Akasema mwenyewe alishindwa kuiuza, akamwachia hapo.

"Ya kwako ni nzima," akasema. "Nikiipaka ndiyo nitakuwa nimeiua."

Ningetakiwa kufurahi. Ila kwangu bei haikuwa neno. Nikamwambia ukweli: dirisha, jua, miezi sita. Niliyeizeesha ni mimi.

Akanitazama kwa lile jicho lisilo na lenzi. Akauliza huko dirishani ilikuwa inatembea au imesimama. Nikasema imesimama. Akauliza kama kuna mtu aliyeigusa mishale tangu hapo. Nikasema hakuna, alivyoipokea ndivyo ilivyokuwa, saa tatu na dakika kumi.

Akainyanyua mishale kwa vikoleo viwili vidogo, akaiweka pembeni. Akavua lenzi, akanipa.

"Tazama pale mishale ilipokuwa imelala. Unaona nini?"

"Kahawia."

"Na pembeni yake?"

"Kahawia hiyo hiyo."

Akaleta uso mwingine, wa saa iliyokaa kwenye dirisha la duka ikiwa imesimama. Huo ulikuwa umepauka, lakini katikati palikuwa na michirizi miwili myeusi, mmoja mfupi, mmoja mrefu. Ni kivuli cha mishale yake. Akasema jua likiichoma saa iliyosimama, chini ya mshale hapaungui. Yangu haina mchirizi hata mmoja. Jua liliipata ikiwa inatembea, mishale inazunguka, kila mahali pakapata zamu yake.

"Hii si ya miezi sita, baba. Hii ni ya mkononi mwa mkeo."

Nikasema lakini mimi niliiona nyeusi.

"Uliiona lini?"

Nikatafuta. Sikupata. Saa nilikuwa namuuliza yeye. Tukiwa njiani, tukiwa mezani, namuuliza, anatazama mkono, ananiambia. Kutazama mwenyewe sikuwa na haja. Ile nyeusi niliyoikumbuka ilikuwa mkononi mwa baba mkwe siku niliyokwenda kuposa. Nilikosa pa kuweka macho, nikawa naitazama saa ya mzee mpaka akadhani nina haraka.

Nikacheka. Lenzi akanisubiri nimalize. Kisha akafuta lenzi yake, maana nilikuwa nimeilowesha.

Jumamosi shemeji alipokuja sikumweleza kitu. Nilimpeleka dukani. Lenzi akamkalisha, naye akakalia mikono yake minene. Akatazama uso wa saa yangu, akatazama ule wenye michirizi. Akaulizwa na yeye aliiona lini nyeusi. Akasema mkononi kwa baba. Kwa dada yake, alisema, akifika alikuwa anatazama jikoni.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Nilikutwisha mzigo usio wako."

Nikamwambia yamekwisha. Yalikuwa yamekwisha kweli.

Lenzi akarudisha mishale, akatia mafuta, saa ikatembea. Shemeji akasema nimpelekee mjukuu mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikampelekea jioni hiyo.

Aliigeuza huku na huku. Akauliza mbona uso wake wa kahawia.

Nikamwambia, ni bibi yako huyo.

Alikuwa anatafuta tundu la mkanda.