Kurasa Nilizomtengenezea Dada wa Mapokezi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilitunza seva ya barua pepe katika hoteli moja ya kitalii ya Diani, pwani ya Kenya. Programu zake zilikuwa huria, za bure kwa yeyote, lakini amri za kuziendesha nilizijua peke yangu. Kwa miezi mitatu nikatengeneza kurasa za wavuti ili dada wa mapokezi, mzaliwa wa kijiji jirani cha Mwabungo, aweze kuisimamia kwa kubonyeza tu.

Zilipokamilika, wageni walikuwa wameadimika. Meneja akampa dada orodha ya walioachishwa kazi, afute akaunti zao kwenye seva.

Alifuta majina kumi na mawili, kisha akasita.

"Kaka, hili la mwisho ni langu."



Akabonyeza, akachukua mkoba wake, akaniaga kwa adabu. Nilibaki nikiichukia kazi ya mikono yangu.