Mtetemeko wa Jeep ya Baba Mkwe

Mwanangu, sogea nikuhadithie. Nikiikumbuka siku ile, moyo bado unanidunda! Ni enzi zile tulipoitana citoyen na citoyenne, yaani raia bwana na raia bibi, nami nilikuwa fundi kijana katika gereji ya kampuni ya madini ya serikali hapa Likasi. Nilimpenda Mwadi, binti wa mtaa wa Kikula, hata chakula hakikupita kooni. Baba yake, Mzee Kalenga, alikuwa na jeep aliyoinunua ikiwa imekwisha kuchoshwa na wenyewe wa kwanza. Ikishika mwendo kwenye lami, ilitetemeka mpaka meno yakagongana.

Nilipopeleka maneno ya uchumba, mzee alitazama ovaroli yangu akacheka.

"Weye njo fundi? Tengeneza kwanza hii jeep. Mutu anashindwa na jeep, atachunga mutoto yangu namna gani?"

Unafikiri niliogopa? Thubutu! Nilifurahi kana kwamba nimekwisha kupewa mke. Mcheza kwao hutunzwa, nikajisemea, na chini ya gari ndiko kwetu. Jumamosi asubuhi nikafika na spana zangu, nikamuuliza mzee anasikia wapi mtetemeko. Akasema, "Mu mikono, ku volant," yaani kwenye usukani. Basi nikashika ya mbele: nikasawazisha magurudumu, nikakaza usukani. Mzee akaiendesha mpaka njia ya Kakontwe. Mtetemeko ule ule! Tukarudi, nikabadilisha raba zinazoshikilia injini. Bado. Mzee akaanza kukohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kukuambia urudi kwenu, na mimi nikamwona Mwadi wangu anakwenda hivi hivi.

Sasa sikiliza. Aliyepanda jeep ile kila siku ya soko alikuwa mama yake Mwadi, amekaa kiti cha nyuma na magunia yake ya makaa. Lakini kwetu, mwanaume hamsogelei mama mkwe wala hamtazami usoni. Akimwona njiani, huingia majanini ili mama apite. Nilishika heshima hiyo sana, nikaishika vibaya. Haikunijia hata kidogo kwamba yule mama ana la kuniambia kuhusu gari.

Mama mwenyewe alikuwa ndani, akinichungulia ninavyohangaika. Akachoka. Akamtuma Mwadi, naye akaja mbio, kitenge amekishika kisianguke.

"Mama anasema: minye njo nikalaka ku kiti ya kunyuma. Kule mbele inafika kidogo tu, inatetemeka chini ya kiti yangu! Na ilianza tangu ile siku baba aliipeleka kupakisha graisse. Mbele ya ile siku ilikuwa muzuri."

Mwanangu, nusura niruke! Chini ya kile kiti inapita kardani, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Kimeundwa kwa vipande viwili vinavyoingiana. Ukivitenganisha kupaka grisi, lazima uvirudishe alama zake zikitazamana, la sivyo chuma kitazunguka kikipiga mateke. Nikajitupa chini ya gari, nikakwangua tope, na alama zikaonekana: moja imetazama juu, nyingine ubavuni! Hakuna kilichovunjika, ila mtu alirudisha kwa haraka. Nilipiga kelele za furaha mpaka majirani wakaja mbio, wakidhani jeep imenilalia.

Nikafungua, nikazungusha, nikakaza. Mzee akashika usukani, mimi pembeni yake, Mwadi na mama yake nyuma. Shingo sikuigeuza. Lami ilipofika mzee akakanyaga mafuta. Kimya. Akakanyaga tena, na jeep ikateleza tu! Ndipo nikasikia vigelegele vya mama mkwe nyuma yangu, virefu, na mimi mwanaume mzima machozi yakanitoka. Mzee hakunitazama. Alisema tu, "Dimanche, leta bazee yako." Jumapili nilete wazee wangu kuposa!

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujafungua skrubu hata moja, uliza nani anaumia, na uliza yameanza lini. Usimuulize mwenye usukani peke yake. Desturi ilinikataza kumsogelea yule mama, haikunikataza kumtuma Mwadi; uvivu wa kufikiri nisiuite heshima. Na siku nyumba yako itakapotetemeka, maana itatetemeka, usikimbilie kubadilisha watu. Huenda hakuna kilichovunjika humo, ila mlirudishana vibaya siku fulani. Rudini kwenye siku hiyo mtazamane.

Nenda sasa. Mungu akupe wakwe wanaosema kweli na sikio la kuipokea, na wote utakaowachukua katika safari yako wafike wakipiga vigelegele.