Zumari ya Mpini

Jirani yangu, karani wa posta, anajifunza obo, yaani zumari iliyovaa suti. Shule ya muziki inayomwazima obo hiyo imeifungia kabatini mpaka siku ya mtihani wake, basi kila jioni anapuliza mpini wa ufagio aliouchorea matundu kwa kalamu, mashavu yametuna kama chura. Jana alikatiza katikati, akasonya, akaanza upya.

"Kulikoni?" nikamuuliza dirishani.

"Nimekosea, mzee."

"Umekosea nini, binti? Ufagio haulii!"

"Kidole kimechelewa."

Siku hizi fundi anakuuzia mlango usiofunga, kisha anaapa kwamba ukuta ndio mbovu; huyu anajishtaki kwa kosa la ufagio. Nikavuta kiti.

"Haya, rudia," nikamwambia, "na safari hii nasikiliza."