Mwaka Walipopasua Mitumbwi

Nilizaliwa Ubwari, nikaolewa Rumonge, na ukungu ukiondoka, niliiona milima ya kwetu ng'ambo ya ziwa nikiwa mlangoni pa mume wangu. Huku kulikuwa kwa Wadachi, kule kwa Wabelgiji. Sisi tulivuka na mawese, tukarudi na mihogo na habari za ndugu.

Mimba yangu ya kwanza ilipokuwa kubwa, tulijiandaa nivuke, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Mume wangu alikuwa ameshaziba nyufa za mtumbwi. Ndipo ikatia nanga merikebu ya moshi ya Wadachi, ile iliyozoea kuchukua kuni kwetu. Safari hii ilikuwa na mzinga mbele.

Askari walishuka na mashoka. Mmoja, mtu wa pwani, akatutangazia kwamba Wazungu wanapigana kwao, Mbelgiji sasa ni adui, na mtumbwi wowote utakaoonekana majini utapigwa. Kisha wakaanza kupasua mitumbwi. Mume wangu alitazama wetu ukipasuliwa.

Mama mkwe akamsogelea yule askari. "Mwanangu, wanagombea nini?"

"Mama, hata mimi sikuambiwa."

Hapo akaziona chale zangu za usoni. "Wewe mtu wa wapi?"

"Wa hapa."

"Chale hizi si za hapa."

"Ni muke wa mwanangu," mama mkwe akasema. "Na mutoto iko tumboni ni wetu."

"Mtoto sawa. Na yeye je?"

Nilimtazama jirani yangu, niliyekuwa nikikamua naye mawese kila wiki. Aliinamisha uso.

Askari waliondoka bila kunigusa, lakini lile swali lilibaki. Wanawake walinyamaza nilipofika ziwani kuchota maji. Siku moja nilifua kitambaa cheupe cha kumpokelea mtoto, nikakianika uani. Kabla hakijakauka mama mkwe alikuja mbio akakivuta.

"Wanasema unawaonyesha ishara watu wa ng'ambo."

"Nani anasema?"

"Usiulize. Anika ndani."

Toka hapo sikutazama tena upande wa kwetu watu wakiwapo. Binti yangu alizaliwa Rumonge, akapokelewa na mikono ya mama mkwe. Nilimlilia mama yangu kwa sauti ya chini, nisisikike.

Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea na kusema Wadachi walipokimbia. Wabelgiji wakateremka kutoka kaskazini na askari wao wa Kongo. Mmoja wao aliingia uani, akaona chale zangu, akacheka kwa furaha. "Dada, wewe ni wetu!" Kisha akamgeukia mama mkwe, akamshika mkono kwa nguvu. "Na huyu mzee? Ni mtu wa Mdachi?"

"Ni mama yangu," nikasema.

Alimwachia. Akaondoka na mbuzi wetu.

Mume wangu alipopata mtumbwi mwingine, nilivuka na mtoto mgongoni. Ufukweni kwetu nilikuta majani marefu na mafiga. Wabelgiji walikuwa wamewahamishia watu wote mlimani, wasiongee na Mdachi. Nilipanda nikauliza njia hadi nikampata mama. Alimpakata mjukuu wake, akamnusa kichwa, akalia.

Nilimsihi turudi naye ufukweni, kwa kuwa vita imekwisha.

"Nani amekuambia imekwisha?" akaniuliza. Alikataa kuteremka. Alijenga upande wa pili wa mlima, mahali ambapo ziwa halionekani.